Namna ya kusoma habari za Google kabla hujaandika kichwa cha habari

Usiku wa tarehe 24 Aprili 2025 niliandika kichwa hiki: "Faida ya Google yapaa kwa asilimia 46." Nilikuwa zamu ya usiku, peke yangu kwenye dawati la biashara, na taarifa ya robo ya kwanza ilikuwa imetoka dakika kumi tu zilizopita. Tarakimu haikuwa ya uongo. Ilikuwepo kwenye taarifa yenyewe: faida halisi dola bilioni 34.5, ongezeko la asilimia 46. Nikairusha, nikahamia kwenye bei za mafuta.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hutuandikia mara kwa mara. "Mwanangu," aliandika, "mapato yameongezeka asilimia 12 na faida asilimia 46. Hiyo nyingine imetoka wapi?" Nikamjibu: "Shikamoo mwalimu. Nipe nusu saa nikutafutie." Hakujibu. Nusu saa ikawa saa mbili, kwa sababu ilibidi nisome taarifa yote tangu mwanzo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya usiku ule.

Nilichokikuta ni hiki. Mapato ya robo ile yalikuwa dola bilioni 90.2. Faida ya uendeshaji, yaani kile kinachobaki baada ya kulipa mishahara, mitambo, umeme na washirika, ilikuwa bilioni 30.6. Faida halisi, ambayo hupatikana baada ya kodi kukatwa, ilikuwa bilioni 34.5. Ukiziweka namba hizo mbili jirani utashtuka: vipi kilichobaki baada ya kodi kiwe kikubwa kuliko kilichokuwepo kabla ya kodi? Jibu liko kwenye mstari mmoja katikati yake, ule wa mapato mengine, ulioandikwa bilioni 11.2. Ndani ya mstari huo mlikuwa na bilioni 8 zilizotokana na kupanda kwa thamani ya hisa ambazo kampuni inazimiliki katika kampuni nyingine isiyouzwa sokoni. Hisa hizo hazikuwa zimeuzwa. Hakuna mtu aliyebofya tangazo, hakuna fedha iliyoingia benki. Zimethaminiwa upya, basi.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio ninaoueleza hapa. Ni kwa yeyote anayeandika, kutafsiri au kusimulia habari za kampuni hii, na pia kwa anayezisoma tu na anataka kujua kipi ni kipi.

Jua unamzungumzia nani

Google ilisajiliwa Septemba 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Tangu Oktoba 2015 iko chini ya kampuni mama iitwayo Alphabet, na sokoni hakuna hisa ya Google. Inayouzwa na kununuliwa ni ya Alphabet. Kwa hiyo ukiandika "mapato ya Google" ukimaanisha hesabu zote, umeingiza humo magari yasiyo na dereva ya Waymo na miradi mingine isiyohusiana kabisa na kutafuta mtandaoni. Kwenye kichwa cha habari jina Google linasameheka, maana ndilo watu wanalolijua. Kwenye aya ya kwanza taja Alphabet.

Hisa zenyewe ni za aina tatu. Zenye alama ya GOOGL zina kura moja kila moja. Za GOOG hazina kura. Za daraja B haziuzwi sokoni, kila moja ina kura kumi, na nyingi ziko mikononi mwa Page na Brin. Wawili hao peke yao wana zaidi ya nusu ya kura zote. Likumbuke hili kila ukiletewa habari kwamba wanahisa "wameasi" kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wanahisa wa kawaida wanaweza kupiga kura hadi jua lizame; hoja ambayo waanzilishi hawaitaki haipiti. Habari hapo ni kiasi cha kura za wengine kilichokwenda upande wa pili.

Sundar Pichai ni mkurugenzi mtendaji wa Google tangu 2015 na wa Alphabet tangu Desemba 2019. Anayesimamia fedha ni Anat Ashkenazi, aliyeshika nafasi hiyo 2024 baada ya Ruth Porat. Sauti zao ndizo utakazozisikia kwenye mkutano wa simu na wachambuzi.

Hati zilipo na muda wake

Alphabet hutoa hesabu mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, mwishoni mwa Aprili, mwishoni mwa Julai na mwishoni mwa Oktoba. Mwaka wake wa hesabu unaanza Januari, kwa hiyo hapa hakuna kuchanganyikiwa kama kwa kampuni ambazo "robo ya kwanza" yao huanza katikati ya mwaka. Taarifa hutoka baada ya soko la New York kufungwa saa kumi jioni kwa saa za huko. Utaikuta kwenye tovuti ya kampuni, abc.xyz, na kwenye hifadhi ya wazi ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, inayoitwa EDGAR. Zote ni bure.

Kwanza hutoka taarifa fupi. Halafu mkutano wa simu. Kisha hutoka hati ndefu: ya robo mwaka inaitwa 10-Q, ya mwaka mzima 10-K. Wengi huishia kwenye taarifa fupi. Mimi pia niliishia hapo kwa miaka. Lakini maelezo ya yale mapato mengine, idadi ya wafanyakazi, kesi zilizo mahakamani na mabadiliko ya namna ya kupiga hesabu yamefafanuliwa zaidi kwenye hati ndefu, tena kwa lugha ambayo wanasheria wameichuja neno kwa neno. Ukiwa na muda wa kusoma hati moja tu kwa mwaka, soma 10-K.

Mfano mdogo wa faida yake. Januari 2023 kampuni ilitangaza kwamba itapunguza wafanyakazi 12,000 hivi, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwisho wa 2022 wafanyakazi walikuwa 190,234. Mwisho wa 2023 walikuwa 182,502. Tofauti ni 7,732, si 12,000, kwa sababu huku wakipunguza, huku waliendelea kuajiri. Aliyeandika mwaka uliofuata kwamba kampuni "imepungua kwa watu 12,000" alinakili tangazo bila kufungua hesabu.

Jedwali la mapato, mstari kwa mstari

Hapa ndipo nataka ukae. Chukua mwaka 2024, maana ni mwaka mzima na namba zake zimetulia. Mapato yote yalikuwa dola bilioni 350. Ukigawa kwa siku, ni karibu bilioni moja kila siku iendayo kwa Mungu. Yametoka wapi?

Bilioni 198.1 zimetoka kwenye utafutaji na huduma zilizo karibu nao. Mtu anaandika neno kwenye kisanduku, juu ya majibu yanatokea matangazo, akibofya mwenye tangazo analipa. Matangazo ya YouTube yameleta 36.1. Mstari unaoitwa mtandao wa Google, yaani matangazo ambayo kampuni inayaweka kwenye tovuti na programu za watu wengine, umeleta 30.4, na huu ulikuwa umepungua kidogo kutoka 31.3 za mwaka uliotangulia. Jumlisha hiyo mitatu upate kama 264.6. Maana yake robo tatu ya kila kitu ni matangazo. Baada ya hapo kuna 40.3 za usajili wa kulipia, duka la programu na vifaa kama simu za Pixel, 43.2 za huduma za wingu, ambapo kampuni hukodisha kompyuta zake kwa wengine, na 1.6 tu za miradi mingine, ambayo mwaka huo ilikula hasara ya 4.4. Zinabaki chenji za kinga dhidi ya kubadilika kwa thamani ya sarafu.

Ziandike hizi kwenye daftari. Nasema daftari kwa maana yake halisi: mimi nina moja kubwa lenye jalada gumu, kila robo ina ukurasa wake, namba ya sasa kwa kalamu nyeusi na ya mwaka uliopita pembeni kwa kalamu nyekundu. Mkono ukiandika 198.1, jicho linaanza kuzoea ukubwa wa kila mstari, na siku mtu akikuambia kwamba Google sasa "ni kampuni ya wingu" utajua namba inasema nini bila kufungua kompyuta.

Halafu kuna mstari wa gharama ambao nauona ndio muhimu kuliko yote na ndio unaorukwa kuliko yote. Kwenye taarifa umefupishwa TAC. Mimi huuandika "malipo kwa wanaoleta watumiaji". Mwaka 2024 ulikuwa bilioni 54.9. Ndani yake mna fungu la wenye tovuti zinazobeba matangazo, na mna fedha zinazolipwa watengenezaji wa simu na wenye vivinjari ili Google iwe ndiyo injini inayofunguka yenyewe mtumiaji asipochagua. Gawa 54.9 kwa 264.6. Unapata kama senti 21 kwa kila dola ya tangazo. Yaani katika kila dola ambayo mfanyabiashara anatoa kutangaza, senti 21 zinatoka mlangoni kwenda kwa aliyemleta mtumiaji.

Kesi ya ukiritimba iliyosikilizwa Washington ndiyo iliyofungua pazia: Google ililipa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022 ili ikae kwenye kivinjari cha Safari. Ukiujua mstari wa TAC, habari ya mahakamani na habari ya hesabu zinakuwa habari moja. Usipoujua, utaziandika kama vitu viwili visivyojuana.

Jambo jingine kuhusu jedwali hili: halikuwa hivi siku zote. Google iliinunua YouTube mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, lakini mapato ya matangazo yake hayakuonyeshwa peke yake mpaka Februari 2020, yalipotajwa kuwa bilioni 15.1 kwa mwaka 2019. Kwa hiyo ukiona mahali namba kamili ya mapato ya YouTube ya 2012, jua ni makadirio ya mtu.

Ulinganishe na nini?

Usilinganishe robo na robo iliyoitangulia. Miezi ya Oktoba hadi Desemba ni ya ununuzi wa sikukuu, matangazo hufurika, na Januari hadi Machi hupoa. Ukilinganisha hivyo kila Aprili utatangaza kwamba kampuni inaanguka. Linganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliopita. Ndiyo maana ya kalamu yangu nyekundu.

Lakini kuna ulinganisho wa pili, ule wa matarajio ya soko, nao ndio unaowachanganya wasomaji. Tarehe 4 Februari 2025 Alphabet ilitangaza robo ya mwisho ya 2024: mapato bilioni 96.5, juu kwa asilimia 12. Faida halisi bilioni 26.5, juu kwa asilimia 28. Kesho yake hisa zikashuka kwa zaidi ya asilimia 7. Simu ziliita: "Hiyo kampuni imepata hasara?" Hapana. Huduma za wingu zilikuwa zimekua kwa asilimia 30 kulinganisha na mwaka uliopita, wakati robo iliyotangulia ukuaji huo wa mwaka ulikuwa 35, na wachambuzi walitegemea zaidi ya hapo. Papo hapo kampuni ikasema itatumia kama bilioni 75 mwaka 2025 kununua mitambo na kujenga vituo vya data. Wenye hisa waliona ukuaji unapungua kasi na matumizi yanapanda, wakauza. Ukiandika, tenga sentensi mbili: moja ya kilichotokea kwenye kampuni, nyingine ya kilichotokea kwenye soko. Usiziunge kwa "kwa sababu" mpaka uwe na sababu mkononi.

Tahadhari ndogo: asilimia na pointi za asilimia ni vitu viwili. Katika ile robo ya Aprili 2025, kila dola 100 za mapato ziliacha faida ya uendeshaji ya dola 34. Mwaka mmoja kabla ziliacha 32. Hilo ni ongezeko la pointi mbili. Anayeandika "faida imeongezeka kwa asilimia mbili" amepotosha.

Fedha inayotoka

Bilioni 75 zile hazikukaa. Julai 2025 makadirio yalipandishwa hadi 85, Oktoba hadi kati ya 91 na 93. Kumbuka mwaka 2023 zilikuwa 32.3 na 2024 zikawa 52.5. Sababu ni akili mnemba: tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022, kampuni kubwa zote zinajenga vituo vya data kwa pupa, na Google, yenye Gemini yake, haitaki kuachwa nyuma.

Msomaji atakuuliza: ukitumia bilioni 90, mbona faida haitoweki? Hapa mweleze uchakavu. Chukua seva moja ya mfano, ya dola 12,000. Fedha inatoka siku ya kununua, lakini kwenye hesabu ya faida haikatwi yote siku hiyo. Ikikadiriwa kuishi miaka minne, zinakatwa 3,000 kila mwaka. Ikikadiriwa miaka sita, zinakatwa 2,000. Seva ni ileile, umeme ni uleule, ila faida ya mwaka huo imeongezeka dola 1,000 kwa kubadilisha makadirio. Na hilo limefanyika kweli: mwanzoni mwa 2023 Alphabet iliongeza umri wa seva zake kwenye hesabu kutoka miaka minne hadi sita. Haikuficha, iliandika wazi. Hakuna ubaya wowote wa kisheria. Lakini anayelinganisha faida ya 2023 na ya 2022 bila kutaja badiliko hilo anampa msomaji picha isiyokamilika, na ununuzi wa leo utaendelea kukatwa kwenye faida kwa miaka kadhaa ijayo. Kwa hiyo kwenye ukurasa wangu wa daftari, chini kabisa, huandika mistari miwili pamoja: matumizi ya mitambo, na uchakavu. Wa pili humfuata wa kwanza kama mkia.

Hisa, bei na chati

Hapa nitapita upesi. Julai 2022 hisa moja iligawanywa kuwa ishirini, na bei ikatoka zaidi ya dola 2,200 kwenda kama 110 kati ya Ijumaa na Jumatatu. Hakuna aliyepoteza kitu. Chati za leo zimeshasahihishwa kurudi nyuma, kwa mgawanyo huo na kwa ule wa 2014 wa moja kuwa mbili, ndiyo maana utaona hisa ya Agosti 2004, iliyoanza kuuzwa kwa dola 85, imechorwa kama dola 2 na ushee. Gawio la kwanza kabisa katika historia ya kampuni lilitangazwa Aprili 2024, senti 20 kwa hisa, pamoja na mpango wa kununua tena hisa zake zenyewe hadi dola bilioni 70. Na "thamani ya kampuni" inayotajwa kwenye habari ni bei ya hisa mara idadi ya hisa. Si fedha iliyopo sandukuni, hivyo "Google yapoteza dola bilioni 100" haimaanishi kuna mtu amezibeba. Hilo lilitokea Februari 2023, pale tangazo la Bard, programu yake ya akili mnemba ya kujibu maswali, lilipotoa jibu lisilo sahihi kuhusu darubini ya James Webb.

Mahakamani: tazama kitenzi

Habari za kesi za Google huharibikia kwenye kitenzi. Nimejiwekea vitenzi vinne na sivichanganyi: imeombwa, imeamriwa, imekata rufaa, imelipa.

Tazama mfuatano wa kesi ya utafutaji. Wizara ya Sheria ya Marekani iliifungua Oktoba 2020. Usikilizaji ulianza Septemba 2023. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ina ukiritimba na imeulinda kinyume cha sheria. Hakutoa adhabu siku hiyo. Hatua za kurekebisha zilikuwa awamu nyingine. Novemba 2024 wizara iliomba kampuni ilazimishwe kuuza kivinjari cha Chrome, na nakumbuka vichwa vya habari vilivyoandikwa kana kwamba Chrome imeshapelekwa mnadani. Tarehe 2 Septemba 2025 jaji alilikataa ombi hilo. Alipiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje na kuamuru baadhi ya data wapewe washindani wanaostahili, lakini aliiacha kampuni iendelee kulipa ili iwekwe kwenye vivinjari na simu. Rudi sasa kwenye mstari wa TAC utaona kwa nini hisa zilipanda siku iliyofuata, za Alphabet na za Apple pia.

Kesi ya teknolojia ya matangazo, yaani programu za kuuzia nafasi za matangazo kwenye tovuti, ni nyingine kabisa, iko Virginia, mbele ya Jaji Leonie Brinkema, aliyetoa uamuzi dhidi ya Google tarehe 17 Aprili 2025. Ukiandika "ile kesi ya Google" bila kutaja jaji au jambo linalobishaniwa, msomaji hawezi kujua ipi.

Upande wa Ulaya ni faini, na faini husafiri. Ya 2017, euro bilioni 2.42 kuhusu huduma ya kulinganisha bei za bidhaa, ilithibitishwa na mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya Septemba 2024. Ya 2018, bilioni 4.34 kuhusu Android, ilipunguzwa hadi 4.125 mwaka 2022. Ya 2019, bilioni 1.49, ilifutwa na mahakama Septemba 2024. Septemba 2025 ikaja nyingine ya 2.95 kuhusu teknolojia ya matangazo. Ninaona bado watu wanazijumlisha zote na kusema "Google imelipa". Kabla ya kujumlisha, piga simu kwa kila faini uiulize hali yake.

Na ununuzi wa kampuni ni vilevile. "Imekubali kununua" si "imenunua". Ununuzi wa Fitbit, kampuni ya saa za kupimia mazoezi, ulitangazwa Novemba 2019 na kukamilika Januari 2021, miezi 14 baadaye, kwa sababu mamlaka za ushindani zilikuwa zinauchambua.

Maneno ya mtu mmoja

Tarehe 7 Mei 2025 Eddy Cue, mmoja wa wakubwa wa Apple, alitoa ushahidi mbele ya Jaji Mehta kwamba utafutaji kupitia Safari ulikuwa umepungua mwezi wa Aprili kwa mara ya kwanza. Hisa za Alphabet zilishuka kwa zaidi ya asilimia 7 siku hiyohiyo. Google ikatoa tamko kwamba kwa jumla maswali yanaendelea kuongezeka.

Nilifanya hivi. Niliandika nani kasema, wapi, akiwa chini ya kiapo, kuhusu kivinjari kipi na mwezi upi. Niliandika tamko la upande wa pili. Niliandika kwamba Apple inapokea fungu la mapato ya utafutaji huo, kwa hiyo si mtazamaji wa pembeni. Nikaacha hapo, nikaweka alama kwenye daftari ukurasa wa Julai. Julai ilipofika, mapato ya utafutaji yalikuwa bilioni 54.2, juu kwa asilimia 12 hivi.

Je, hiyo inamaanisha Cue alikosea? Hapana, na hapa ndipo wenzangu wengi walipoteleza. Idadi ya maswali na fedha ni vitu tofauti. Mapato hutokana na mibofyo inayolipiwa mara bei ya kila mbofyo. Mibofyo inaweza kupungua, bei ikapanda, na jumla ikaongezeka. Kampuni hutoa mabadiliko ya vyote viwili kwa asilimia kwenye 10-Q na 10-K, mistari miwili midogo ambayo sijawahi kuiona ikisomwa redioni. Tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji nchini Marekani, hiyo mistari miwili ndiyo ninayoifungua mapema kuliko mingine. Kama kuna badiliko la kweli katika namna watu wanavyotafuta, litaonekana pale.

Usiku wa taarifa

Sasa usiku wa zamu unakwenda hivi. Nafungua jedwali la mapato, najaza ukurasa. Nashuka hadi faida ya uendeshaji, kisha faida halisi, na nikiona zimeachana kupita kawaida natafuta mapato mengine. Nasoma TAC, matumizi ya mitambo, uchakavu. Nasikiliza mkutano wa simu, hasa sehemu ya maswali, maana maneno ya utangulizi yameandikwa tayari. Baada ya hapo naangalia bei ya hisa. Kichwa cha habari nakiandika mwisho, hata mhariri wa zamu anipigie mara tatu. Ikibidi narusha mistari miwili ya awali yenye mapato tu.

Kile cha Aprili nilikiandika upya asubuhi ileile, tukaweka na maelezo ya kusahihisha: "Faida ya uendeshaji ya Alphabet yapanda kwa asilimia 20; thamani ya uwekezaji wake yainua faida halisi zaidi." Ni kirefu na hakina mvuto wa kile cha kwanza. Nilimtumia mwalimu, pamoja na zile namba tatu nilizozipanga moja chini ya nyingine. Alijibu kwa neno moja: "Marahaba."